Besi ya Sanduku la Baba

Mwezi uliopita nilipeleka kiti cha marehemu mama kwa fundi seremala pale Karatina, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umelegea. Fundi hakuwa na gundi ya dukani. Alikuwa amechemsha vipande vya ngozi ya ng'ombe kwenye mkebe, kama walivyofanya mafundi wa zamani, na harufu ile iliponifikia mlangoni ilibidi nishike ukuta. Ni harufu ya mnyama na moshi, na ya kitu kilichoanza kuoza. Fundi alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akanisogezea stuli. Sikumweleza kitu. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto miaka ile bendera ilipokuwa bado mpya, kwa kuwa nanyi mlikuwa na baba waliorudi nyumbani na mizigo ambayo hawakuitolea maelezo.

Baba yangu alirudi kutoka kizuizini, kwenye kambi za wakoloni, na sanduku la mbao. Nilikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo kurudi kwake sikukumbuki. Ninachokumbuka ni sanduku lenyewe, chini ya kitanda, limefunikwa gunia. Likisimamishwa wima lilinifika kiunoni. Kifuniko chake kilikuwa ubao mmoja mpana, mwembamba, usio na fundo hata moja. Mama alitukataza kuligusa, akasema ni sanduku la baba tu, na baba mwenyewe hatukuwahi kumwona akilifungua.

Mimi nililifungua. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na nyumbani hapakuwa na mtu. Ndani hamkuwa na kitu, nikasikitika. Halafu nikaona upande wa ndani wa kifuniko. Kulikuwa na majina tisa, yameandikwa kwa msumari uliotiwa motoni, na kando ya kila jina mchoro mdogo: jiwe, mti, mstari uliopinda kama mto, na mingine ambayo sikuielewa. Niliyasoma yote, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kusoma na nilisoma kila kitu, hata karatasi za kufungia sukari. Baba hakujua kusoma.

Siku chache baadaye baba mdogo alitutembelea, na nilipokuwa nikiwapelekea uji nilimsikia baba akimwambia, "Hawa watu wa sandukuni wananinyima usingizi." Nilirudi jikoni nikiwa nimeshaelewa kila kitu. Wale tisa walikuwa maadui. Walikuwa watu waliomtesa baba, akawaandikisha mahali ili asiwasahau siku ya kulipiza. Nilimhurumia sana. Nilikaa na imani hiyo miaka miwili, na hakuna aliyeniambia vinginevyo kwa sababu sikumuuliza mtu.

Nyumbani kwetu kulikuwa kwenye mwinuko, katikati ya Nyeri na Kiganjo. Nikitumwa mafuta ya taa nilishuka Kiganjo, na ni katika duka moja kule nilikosikia besi mara ya kwanza. Redio ya mwenye duka ilikuwa inapiga muziki, na chini ya magitaa mengine kulikuwa na kitu kinatembea polepole, kinene. Sikukisikia masikioni, nilikisikia kifuani. Nilidhani kuna mtu nyuma ya ukuta anasukuma magunia. Mwenye duka alicheka, akaniambia hilo ni gitaa la besi, na bila hilo wimbo hausimami.

Mwaka ule tulikuwa na Mwalimu Wafula, aliyetoka upande wa Bungoma. Alikuwa na gitaa lake, na Ijumaa jioni kabla ya kengele alitupigia. Nilimuuliza kuhusu besi. Akasema kwao watu hutengeneza wenyewe nyumbani: sanduku zuri, shingo ya mti mgumu, waya, na subira. Alisema anayeweza kuitengeneza atapiga naye siku ya kufunga shule. Wavulana walicheka niliposema nitajaribu. Yeye hakucheka. Aliniambia jambo moja nililolishika kuliko hesabu zake zote: uso wa gitaa lazima uwe mwembamba, mwembamba mpaka ukiugonga kwa kidole ukujibu.

Nilijua ubao kama huo uko wapi.

Baba alikwenda Timau kwa kazi ya kuvuna ngano. Ilikuwa kazi ya kila mwaka, na alikaa huko karibu miezi miwili. Siku ya tatu baada ya kuondoka kwake nilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikaweka mahali pake kikapu kikuukuu cha kahawa, nikakifunika kwa lile lile gunia. Ukitazama kutoka mlangoni huoni tofauti. Mama alipokuta mbao kwenye kibanda cha kuni, nilimwambia amenipa Mwalimu. Mwalimu alipouliza, "Hii mbao nzuri umetoa wapi?" nilimwambia amenipa baba. Kila mmoja alinisifu kwa ukarimu wa mwenzake.

Nisidanganye sasa kwa kusema nilifanya kazi ile kwa huzuni. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Mwalimu aliniazima msumeno mdogo na tupa. Sanduku lenyewe nilipunguza kimo chake tu, likawa tumbo. Shingo niliichonga kutoka kwenye mpini wa toroli iliyovunjika, mti wa mzeituni wa mwitu, mgumu hivi kwamba viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Fundi wa baiskeli pale Kiganjo alinipa waya za breki zilizokatika, nikazisuka mbili mbili kwa nyuzi nene, na moja moja kwa nyembamba. Spoku nilizikata vipande, nikazilaza kwenye shingo kuonyesha mahali pa kubana. Daraja la kubebea nyuzi lilikuwa mfupa wa ng'ombe. Na gundi nilichemsha mwenyewe, ngozi ndani ya mkebe, mpaka mama akanifukuza nayo uani.

Kifuniko nilikiacha mwisho. Ningeweza kukigeuza tu, majina yakabaki ndani ya tumbo la gitaa, gizani, na yangekuwa huko mpaka leo. Lakini Mwalimu alikuja kutazama, akakigonga, akasema, "Iko na sauti, lakini bado nene. Punguza." Upande wa nje ulikuwa laini na mzuri, sikutaka kuuharibu. Nikapunguza upande wa ndani.

Nilitumia kigae cha chupa. Kigae kikishikwa vizuri hukwangua ubao kama randa, na maranda membamba hujikunja mbele yake. Nilianzia juu. Nililisoma kila jina kabla ya kulikwangua, tena kwa sauti, kama mtu anayefukuza kuku shambani. Ondoka wewe. Ondoka na wewe. Msumari ulikuwa umeingia ndani, kwa hiyo majina hayakutoka mara moja. Yalififia kwanza, yakawa ya kahawia, kisha rangi ya chai ya maziwa, kisha hayakuwapo. Nilifikiri baba akirudi atalala usingizi, asijue ni nani aliyemletea. Nilipogonga ubao ule kwa kidole, ulijibu.

Siku ya kufunga shule nilipiga na Mwalimu mbele ya wazazi wote, nyimbo tatu. Nilikuwa nimepaka gitaa rangi ya viatu ya kahawia, likang'aa. Mama alikaa mbele na kitambaa chake cha kanisani, na wimbo wa pili ulipokolea nilimwona anatikisa kichwa bila kujua.

Baba alirudi wiki ile ile. Alikuta gitaa limetundikwa ukutani sebuleni, akalitazama kwa muda mrefu, akaomba nimpigie. Mimi nilipewa jina la mama yake, na kwa desturi yetu aliniita mama. "Mama," alisema nilipomaliza, "hii mikono umeitoa wapi?" Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo kwake yalikuwa hotuba. Hakulitambua sanduku lake ndani ya ile rangi. Kila mgeni aliyekuja aliambiwa binti huyu ametengeneza gitaa kwa mikono yake, na nikaambiwa nipige. Ni hapo nilipoanza kuogopa. Sikuogopa majina. Niliogopa kikapu kilichokuwa chini ya kitanda, na kila baba alipoinama kuvua viatu nilimtazama mpaka ainuke.

Asubuhi moja tukiwa bado likizo alikuja mama mmoja kutoka Murang'a. Alikuwa ametoka kwao alfajiri, na kutoka stendi ya Nyeri alikuwa amepanda mlima kwa miguu, ameshika viatu mkononi. Alivivaa pale kwenye kizingiti ndipo akabisha. Alijitambulisha kuwa ni Mama Kimani. Alisema mtu mmoja wa kwao amemwambia baba yangu alikuwa kambi moja na mume wake, Mwangi wa Kimani, ambaye hakurudi. Serikali ya wakati ule ilimwambia tu amekufa. Hakuambiwa alikufa lini wala amelazwa wapi, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akienda kwa kila mwanamume aliyesikia ametoka kizuizini, akiuliza.

Baba alimkaribisha kiti. Alisema ndiyo, alimfahamu Mwangi, alikuwa mtu wa mzaha, aligawa chakula chake. Alisema kulikuwa na wenzao tisa waliofia kule, na mwenzao mmoja aliyejua kuandika alikuwa ameandika majina yao na alama ya mahali kila mmoja alipozikwa, akampa yeye sanduku alitunze, ili familia zikija ziambiwe. Mwandishi mwenyewe alihamishwa na hakusikika tena. Wale ambao baba aliwabeba kwa mabega yake kwenda kuwazika aliwakumbuka bila maandishi. Lakini siku aliyozikwa Mwangi baba alikuwa amelala na homa. Ni sanduku tu lililojua.

Akavaa koti lake kwanza. Nakumbuka hilo, kwamba alivaa koti na kufunga vifungo vyote, ndipo akaingia chumbani. Alirudi ameshika kikapu cha kahawa. Alisimama nacho katikati ya sebule, akakitazama ndani, kana kwamba sanduku lingeweza kuwa humo. Mama yangu hakutazama kikapu. Alinitazama mimi, kisha akatazama ukutani.

"Sanduku liko wapi, mama?" baba aliniuliza, kwa upole uleule wa siku zote.

Nilionyesha gitaa kwa kidole. Baba alilishusha, akaligeuza, akapapasa kona kwa kidole gumba, na nikaona anazitambua zile kona. Aliniuliza kifuniko kiko wapi. Nilimwambia ndicho uso, na kwamba upande wa ndani nimeukwangua kwa kigae. Nilisema nilidhani ni maadui. Sidhani alinisikia. Alikaa chini na gitaa mapajani, ameweka kiganja juu ya ubao.

Kisha akasema, "Wewe unajua kusoma. Uliyasoma kabla ya kuyatoa?"

"Niliyasoma."

"Mwangi wa Kimani alikuwa na alama gani?"

Jina nililikumbuka. Lilikuwa la nne au la tano kutoka juu, na herufi ya kwanza ilikuwa imeunguzwa sana kuliko nyingine. Nilikumbuka pia kwamba kulikuwa na jiwe, na mto, na mti. Lakini kipi kilikuwa cha nani sikujua, kwa sababu alama sikuzisoma, nilizikwangua tu. Nilitakiwa kusema hivyo. Maneno hayo ni mafupi, hata mtoto anayaweza. Mama Kimani alikuwa ameweka mikono magotini, viganja vikiwa juu, kama mtu anayesubiri kupimiwa nafaka, na alikuwa ananitazama mimi, si baba.

"Mti," nikasema. "Alikuwa na mti. Wenye matawi matatu."

Baba aliinua uso akanitazama. Nilidhani ananitazama kwa hasira, nami nikamkazia macho ili aone nina hakika. Mwishowe akamgeukia mgeni, akasema, "Mti huo naujua. Uko nyuma ya kambi, upande wa machweo. Ni mmoja tu, huwezi kuukosa." Akamweleza barabara, na mahali pa kushukia, na umbali wa kutembea.

Mama Kimani hakulia. Alirudia maelekezo mara mbili, ayashike. Kisha akaomba aguse gitaa, akauliza kama kweli hizo ni mbao zilizokuwa kule pamoja na mume wake. Baba akasema ndizo. "Basi acha nilisikie," akasema. Nilipiga. Nyuzi zilikwaruza, lakini alinisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, na alipoondoka aliniwekea mkono kichwani akanibariki.

Sikuchapwa. Ningechapwa labda nisingeandika haya. Mama aliniuliza mara moja tu, tukiwa mtoni, kama nina hakika juu ya mti, nikasema nina hakika, akaendelea kufua. Baba aliniambia niandike kwenye karatasi majina ninayoyakumbuka. Niliandika saba. Mawili hayakuja siku ile na hayajaja mpaka leo. Karatasi aliiweka ndani ya Biblia ya mama. Alama hakuniuliza.

Mama Kimani alikwenda na shemeji zake, wakachota udongo chini ya ule mti, wakauleta Murang'a ndani ya debe la unga, wakauzika kando ya nyumba na kupanda mche juu yake. Alitutumia habari kwamba sasa watoto wake wana mahali pa kusimama wakimtaja baba yao. Tangu mwaka huo, kila msimu, alituma nduma za shambani kwake kwa mtu aliyekuja Nyeri, na ujumbe kwamba ni za yule msichana. Mama alizichemsha. Nilizila, kwa kuwa kukataa kungezua maswali, na mpaka leo nduma hainishuki kooni bila maji.

Besi sikuipiga tena. Mwalimu Wafula alipopata uhamisho wa kurudi kwao nilimpelekea stendi, nikamwambia aende nayo. Alidhani ni zawadi, akanishukuru mbele ya watu. Gari lilipoondoka niliona kwamba sasa hata mbao zenyewe nimeziondoa.

Miaka ikapita. Nilisoma, nikawa mwanafunzi wa ualimu, na nilikuwa nyumbani kwa likizo, baba akiwa ameshaanza kutembelea fimbo, alipokuja kijana wa Kimeru. Alikuwa na suti iliyombana mabega na adabu nyingi. Baba yake aliitwa M'Ithinji. Lilikuwa mojawapo ya yale majina saba kwenye karatasi. Nilimletea chai, nikakaa kwenye kona ya sebule, nikasubiri kusikia, kwa sababu nilijua baba anawakumbuka aliowabeba mwenyewe.

Baba alimweleza kwamba baba yake alikuwa na nguvu za ajabu, kwamba aliimba, kwamba alizikwa na wenzake waliompenda. Kijana alikuwa akiandika katika kijitabu. Alipouliza ni mahali gani hasa, baba akasema, "Mahali sikumbuki. Nisamehe, mwanangu. Ni uzee."

Kijana alikunja kijitabu polepole. Alishukuru, akamaliza chai kwa heshima, akaaga. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa ua. Aliniuliza kama kuna njia ya mkato kwenda barabara ya Kiganjo, nikamwonyesha.

Niliporudi baba alikuwa bado amekaa pale pale, fimbo katikati ya magoti. Akasema, bila kuniangalia, kwamba M'Ithinji alimbeba yeye mwenyewe, yeye mbele na mwenzake nyuma, na kwamba walimzika chini ya mti ule wenye matawi matatu.

Nilimuuliza alijua tangu lini.

"Tangu ulipousema."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Yule mama alikuwa amechoka," akasema. "Na wewe ulikuwa umesimama pale, mama, umenikazia macho. Ningemnyang'anya, kisha ningekutazamaje?" Kisha akaongeza, "Nilifikiri labda wa M'Ithinji hawatakuja. Na sasa udongo wa kaburi lake uko Murang'a."

Nilirudi mlangoni. Kutoka kwetu njia ya mkato huonekana yote, inashuka kati ya mashamba ya kahawa mpaka darajani. Kijana alikuwa bado hajafika nusu. Alikuwa amevua koti amelitupia begani, na upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake, kwa hiyo ningemwita angesikia. Nilifikiria mche wa Murang'a, ambao sasa ulikuwa mti wenye kivuli, na watoto wa Mama Kimani wamesimama chini yake. Nilifungua kinywa. Alifika darajani, akavuka, akapanda upande wa pili, na nilikuwa bado sijasema neno.